Mdomo wa Bata Kando ya Santuri

Wazee wa dansi wana kesi moja ambayo hawajaifunga mpaka leo: DJ ndiye aliyeiua bendi. Kaa nao barazani Kinondoni au Ilala, na kabla chai haijapoa watakuwa wameshakusomea mashtaka yote. Zamani mwenye shughuli alikodi bendi nzima, wapiga magitaa, wapiga tumba, waimbaji na wapulizaji. Leo anakodi kijana mmoja mwenye kompyuta mpakato na spika mbili, na watu wanacheza mpaka usiku wa manane. Ushahidi wao ni mzito, wala sina nia ya kuupinga. Ila siku hizi ameibuka fundi anayewavurugia kesi, kwa kuwa mtuhumiwa ndiye yeye na marehemu ndiye yeye. Mbele yake kuna miksa, shingoni kwake inaning'inia saksafoni.

Utamkuta Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Kampala, kwenye harusi, kwenye sendofu, kwenye hoteli za ufukweni jua linapozama. Anaweka wimbo, anauacha utembee, kisha anauinua mdomo wa bata, yaani ile saksafoni, na kupuliza juu yake. Wageni wanatoa simu na kumrekodi akizunguka meza kwa meza, na hiyo ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yake. Kwa muda sasa nimekuwa nikimfuatilia mmoja wao hapa Dar es Salaam. Jina lake naliacha, maana hakuniomba nimtangaze. Kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufundi wake mkubwa uko kwenye kungoja.

Anafika ukumbini mapema, watu wa mapambo wakiwa bado juu ya ngazi. Kabla hajafungua begi la spika anatoa kiboksi kidogo, anachagua ridi moja na kuitia mdomoni. Hapo ndipo anapoanza kufungua nyaya. Mwenye ukumbi akija kumuuliza jambo anajibiwa kwa kichwa, na wapo wanaoondoka wakisema kijana huyu ana maringo. Maringo hana. Ridi kavu haitetemi sawasawa, inatoa sauti ya kukwaruza, na mate ndiyo dawa yake ya kwanza. Kwa hiyo nusu saa ya mwanzo ya kila kazi yake anaipitisha kimya, kijiti kikiwa chini ya ulimi.

Ridi ni kitu kidogo cha kushangaza. Urefu wake hauzidi kidole, upana wake ni wa kidole gumba, na ncha yake imechongwa ikawa nyembamba kiasi kwamba ukiiinua kwenye taa mwanga unapenya. Huchongwa kutokana na tete, la aina ile inayoota kandokando ya bahari ya Mediterania, na matete yanayosifiwa zaidi yanatoka Var, kusini mwa Ufaransa. Huuzwa kwa namba: mbili, mbili na nusu, tatu, kwenda juu. Namba ikiwa kubwa, kijiti ni kigumu na kinadai pumzi zaidi. Kwenye boksi moja mara nyingi yanakuwemo kumi, na hakuna mpulizaji atakayekudanganya kwamba yote kumi yanafaa. Mengine hayaitiki tangu siku ya kwanza, mengine yanapiga kelele juu na kufa chini. Fundi wangu anayapanga: haya ya mazoezi, haya ya hoteli, na haya mawili ya shughuli kubwa. Lililo gumu kupita kiasi analilaza juu ya kipande cha kioo na kulipitisha kwenye msasa laini, taratibu, mara chache tu, kisha analijaribu. Ukizidisha msasa hakuna kurudi nyuma.

Kisha anaifunga ridi kwenye mausipisi, kile kipande cha ala kinachoingia mdomoni. Ncha ya ridi na ncha ya mausipisi zinatakiwa zikaribiane kwa kiasi cha unywele. Ikipanda kidogo, sauti inakuwa nzito na kaidi, ikishuka kidogo inalia kama kifaranga. Anaisogeza kwa dole gumba, anapuliza sauti moja ndefu, anasogeza tena. Nimemwona akifanya hivyo huku mpishi akimwita mara mbili aende kula. Hakwenda.

Ala yenyewe ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi wa Ubelgiji, aliyeiandikishia hataza mjini Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba nyeupe, lakini wanamuziki wanaiweka kwenye ukoo wa filimbi za miti, kwa sababu kinachotoa sauti ni lile tete. Ubavuni ina zaidi ya matundu 20, kila tundu na kifuniko chake chenye pedi ya ngozi, kila kifuniko na springi yake. Hapo ndipo pwani yetu inapoanza kumtesa mwenye ala. Chumvi ya hewani inakula springi, unyevu unavimbisha pedi. Springi ikikatika usiku wa kazi, rababendi moja iliyofungwa mahali pake inamvusha mtu mpaka asubuhi. Na iko pedi moja sumbufu duniani kote, ile ya G shapu, inayobonyezwa kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Springi inayoifungua ina nguvu ndogo, kwa hiyo ikinata kidogo tu haifunguki, na mpulizaji anabonyeza hewa. Dawa yake ni kupitisha kipande cha karatasi chini ya pedi, kuibana, kisha kukivuta polepole kitoke na uchafu. Ndiyo maana fundi huyu hagusi soda kabla ya kazi, hata ikiletwa na baba wa bwana harusi mwenyewe. Sukari ikishuka na pumzi, G shapu imekwenda.

Yote haya ni maandalizi, na wageni hawajafika bado.

Ili umwelewe mtu huyu inabidi urudi kwa wale aliowarithi. Dansi la Tanzania lilikuwa na wapulizaji kabla hata magitaa ya umeme hayajafika. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa miaka ya 1930, na ufundi wa kupuliza ulipitia sana kwenye bendi za jeshi na polisi, na kwenye beni za pwani. Baada ya uhuru mashirika ya umma yakawa ndiyo wenye bendi. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz, iliyoanza 1964 na ambayo baada ya kubadili majina kadhaa leo tunaijua kama Msondo. Umoja wa vijana ulikuwa na Vijana Jazz, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz, na shirika la mabasi lilikuwa na UDA Jazz. Mlimani Park ilizaliwa 1978, na mwaka 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, DDC. Vyombo vilikuwa mali ya shirika na mpulizaji alikuwa mwajiriwa. Asubuhi saksafoni ilirudi stoo.

Katika bendi hizo mpulizaji alibeba mzigo ambao mchezaji dansi hakuujua. Gitaa linapenda E, A, D na G, maana kwenye funguo hizo nyuzi zilizo wazi zinasaidia vidole. Saksafoni haisemi lugha hiyo. Mpiga solo akitamka E, mwenye saksafoni ya alto anapaswa kuweka vidole vya C shapu, yenye shapu saba, na mwenye saksafoni ya tena anaingia F shapu, yenye shapu sita. Mwanafunzi wa chuo cha muziki Ulaya anazifikia funguo hizo baada ya miaka, akiwa na daftari mbele yake. Mpulizaji wa Dar es Salaam aliingia humo tangu wiki ya kwanza, wengi wao kwa sikio tu, kwa sababu mpiga solo ameshaanza na hakuna wa kumngoja. Michael Enock, ambaye wenzake walimwita Ticha, alianzia kwenye gitaa akaja kushika na saksafoni, na nadhani ndiyo sababu mipango ya wapulizaji wa Mlimani Park ilikaa vizuri vile. Mtu huyo aliijua nyumba kwa milango yote miwili.

Sasa sikiliza wimbo wowote wa Sikinde, yaani Mlimani Park, wa miaka ile, na usisikilize maneno. Hesabu ukimya wa wapulizaji. Wanatangulia na kibwagizo kifupi cha kutangaza, kisha wanajitoa. Mwimbaji anaingia na kisa chake, ndoa, mirathi, rafiki mwenye fitina, na wao wanamwachia uwanja. Mwisho wa mstari wanatia neno moja, pengine sauti tatu tu, wanatoka. Unapita muda mrefu hawamo. Halafu wimbo unageuka, magitaa yanaanza kufukuzana, ngoma zinakaza, na chemko inapoanza ndipo wapulizaji wanasimama wote kwa pamoja, na watu waliokuwa wamekaa wanajikuta wako katikati ya ukumbi. Chemko isingekuwa na nguvu ile kama wapulizaji wangekuwa wanapayuka tangu mwanzo. Walikuwa wanaweka akiba.

Orchestra Maquis, waliotoka Kongo wakatua Dar es Salaam miaka ya 1970, walikuja na pumzi ya namna nyingine, nene zaidi na yenye majigambo, na Nairobi ikaipata kwa Les Mangelepa waliojikusanya mwaka 1976. Mizizi ya pumzi hiyo iko Kinshasa, kando ya mto Kongo. Jean Serge Essous alikuwemo kwenye bendi ya OK Jazz ilipoanza 1956, na Verckys Kiamuangana Mateta alijiunga nayo 1963 akiwa kijana mdogo, akaondoka 1969 kwenda kuanzisha Orchestre Vévé yake mwenyewe. Verckys alipuliza kana kwamba saksafoni ni mwimbaji aliyenyimwa zamu. Kampala wanaye Moses Matovu, anayepuliza na kuimba na bendi ya Afrigo tangu ilipoanza mwaka 1975, na kama kuna shule ya kudumu kwenye kazi moja bila kuichosha, ni mzee huyo.

Fundi wangu anawajua hawa wote, wengi kwa kanda. Kupuliza alijifunzia kwenye bendi ya kanisa, kazi ya santuri akaipatia kwenye vibanda vya muziki mtaani. Wengine wa rika lake walipitia chuo cha Bagamoyo, na Zanzibar wako waliofundishwa kwenye chuo cha muziki wa nchi za jahazi, kilichofunguliwa 2002. Nairobi, watoto wa Korogocho wanapata ala za kupuliza kupitia mradi wa Ghetto Classics tangu 2008. Njia ni nyingi, na ridi ni ileile.

Twende kwenye upande wake wa pili, ambao wazee wa barazani hawautazami.

DJ anayejua kazi naye ni mtu wa kungoja. Wimbo mmoja unasikika ukumbini, mwingine uko sikioni mwake tu, kwenye hedifoni, nao anauchunga. Anahesabu mapigo manne manne, anayakusanya kuwa mafungu ya nane, anangoja fungu liishe. Akiingiza wimbo mpya katikati ya fungu, miguu ya watu inajikwaa hata kama hawajui kwa nini. Akiingiza mwanzoni mwa fungu lakini besi mbili zikapigana, ukumbi unachafuka. Kwa hiyo anapunguza besi ya wimbo mpya, anaiingiza sauti ya juu kwanza, anaiacha izoeleke, halafu kwa pigo moja anazibadilisha besi, hii chini na hii juu. Ikifanyika vizuri hakuna anayegundua. Ni kazi ambayo sifa yake ni kutoonekana, na ndiyo maana madijei wengi wenye haraka ya sifa wanaikimbia na kujaza ukumbi honi na makelele.

Kuna jambo la kifizikia linalowakutanisha hawa wawili, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Santuri ikizungushwa haraka zaidi, mwendo unapanda na sauti inapanda nao. Mashine ya Technics SL-1200 ya toleo la pili, iliyotoka 1979 na kutawala kumbi za disko duniani, ina kitelezi kinachoweza kuongeza au kupunguza mwendo kwa asilimia 8. Kiongeze asilimia 6 hivi, na wimbo wote umeshapanda nusu sauti: uliokuwa E sasa ni F. Mchezaji haoni tofauti. Mwenye saksafoni akiinuka wakati huo na vidole vyake vya zamani, atalia kinyume na ukumbi mzima. Na F bado ni nafuu. Ongeza asilimia 3 tu, na wimbo umekwama katikati ya funguo mbili, mahali ambapo hakuna kibonyezo cha saksafoni kinachofika. Hapo mpulizaji anasukuma mausipisi ndani kidogo, anakaza midomo, anaivuta sauti kwa shavu na koo mpaka ikutane na santuri. Kompyuta za leo zinaweza kuharakisha wimbo huku zikiushikilia ufunguo wake, na mafundi wengi hutegemea hilo. Lakini ukiuharakisha sana kwa njia hiyo sauti za waimbaji zinaanza kutikisika kama picha kwenye maji, na fundi wangu hapendi. Anachopenda ni kuacha wimbo wa zamani utembee kwa mwendo wake, watu waufuate.

Joto nalo lina neno. Ukumbi usio na kiyoyozi, watu mia kadhaa wakicheza, hewa ndani ya ala inachemka na sauti inapanda. Ukumbi wa hoteli wenye baridi unaishusha. Kwenye bendi mpiga solo angekaza nyuzi, wakakutana katikati. Rekodi haikazi kitu. Aliyepuliza kwenye rekodi hiyo huenda ni marehemu sasa, na amekushikia sauti palepale alipoiacha, kwa hiyo wewe uliye hai ndiye unayelazimika kumfuata.

Nyimbo za Radio Tanzania ni mtihani wa aina yake kwa DJ. Bendi zilirekodi studio za redio, watu wote wakipiga kwa pamoja, bila mashine ya kuwahesabia mapigo. Wimbo unaanza kwa mwendo mmoja, na ukifika chemko umeshaongezeka, kwa sababu binadamu akifurahi huharakisha. Kompyuta imezoea nyimbo za kisasa ambazo pigo la kwanza na la mwisho yako sawasawa, na ikipewa Msondo inababaika. Basi fundi anazima msaada wote wa mashine na kuunganisha kwa mkono, kidole kwenye kitelezi, akisukuma na kurudisha wimbo unavyopumua. Ni kazi ngumu kuliko kuunganisha Bongo Fleva mbili, na hakuna mgeni atakayemlipa zaidi kwa ajili yake.

Na wale wanaodai kwamba DJ na saksafoni ni maadui wa asili, niwakumbushe Manu Dibango. Alizaliwa Douala, Kamerun, mwaka 1933. Mwaka 1949 alipelekwa shule Ufaransa akiwa na kilo tatu za kahawa za kumlipia aliyempokea, na kitabu cha maisha yake kilikuja kupewa jina la kahawa hiyohiyo. Alipuliza na African Jazz ya Joseph Kabasele, akaishi Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville. Mwaka 1972 Kamerun ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Afrika, naye akarekodi wimbo wa mashindano. Upande wa pili wa sahani hiyo akaweka wimbo wa kujazia nafasi, Soul Makossa. Kamerun walifungwa wakatoka, wimbo wa mashindano ukasahaulika. Lakini nakala za sahani zilikuwa zimevuka bahari, na DJ mmoja wa New York, David Mancuso, akaikuta moja kwenye duka la wahamiaji wa Karibiani kule Brooklyn. Akaigeuza upande wa pili na kuipiga kwenye karamu zake. Watu wakaanza kuitafuta mjini kote, mtangazaji Frankie Crocker akaipiga redioni, na mwaka 1973 ikafika nafasi ya 35 kwenye chati kuu ya Marekani. Aliyeutoa mdomo huo wa bata kwenye upande wa pili wa sahani alikuwa DJ mwenye subira ya kugeuza sahani. Dibango alifariki Ufaransa Machi 2020 kwa korona, akiwa na miaka 86, na wimbo ule bado unajaza kumbi.

Bendi zetu ziliuawa na mambo mengi. Mashirika yaliyozimiliki yaliishiwa au yakauzwa, vyombo vikachakaa bila kubadilishwa, na kinanda cha umeme kikaingia kikiwa na kitufe kilichoandikwa saksafoni. Kwangu kitufe hicho kina hatia kubwa kuliko DJ. Kinatoa sauti inayofanana, lakini hakipumui, na muziki usiopumua unachosha hata kama hujui ni nini kinachokuchosha. Mpulizaji analazimika kunyamaza ili avute hewa, na kwenye ule unyamavu ndipo sentensi ya muziki inapopata nukta. DJ halazimiki. Anaweza kwenda usiku kucha bila nukta hata moja, na wengi ndivyo wanavyokwenda. Anayefanya kazi zote mbili ameshafundishwa na mapafu yake. Nimemsikiliza fundi wangu akichanganya nyimbo hata pale ambapo saksafoni iko kwenye kibanio chake, na mabadiliko yake yanatokea palepale ambapo mpulizaji angevuta pumzi.

Nilimwona kwenye harusi moja mzee akimsogelea, kanzu nyeupe, fimbo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ya Sikinde unayo?"

"Ipi, mzee? Zipo nyingi."

"Yoyote. Yenye wapulizaji."

Hakuiweka papo hapo. Ukumbi ulikuwa kwenye singeli, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, vijana wakiruka, na kutoka huko kwenda kwenye dansi moja kwa moja ni kumwaga watu. Alishuka kwa ngazi. Kwanza taarabu ya kisasa, ambako ndiko singeli ilikochipukia pale madijei walipoanza kuzungusha vipande vyake kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku, kisha rumba moja ya Kongo yenye mwendo wa kati. Mzee alikuwa ameshaketi na pengine ameshakata tamaa. Ndipo Sikinde ikaingia, polepole, kwa kibwagizo cha wapulizaji.

Fundi akaivaa saksafoni na hakuipuliza. Waimbaji waliimba ubeti wa kwanza, wa pili, yeye amesimama, kidole kimoja kikipapasa vibonyezo bila kutoa sauti, akijua kwamba vidole vyake viko kwenye shapu nyingi. Wapulizaji wa kwenye rekodi walipojibu mwisho wa mstari aliwaachia. Wimbo ulipogeuka na chemko ikaanza, aliingia chini yao. Hakurudia walichopiga, wala hakuwapanda juu. Alitafuta sauti ya tatu ambayo rekodi ilikuwa haina, akakaa hapo, kwa nguvu ya kiasi, mpaka usingeweza kusema wapi redio ya miaka ya 1980 inaishia na wapi ukumbi unaanzia. Kisha rekodi ilipowapisha wapiga magitaa, akapiga kipande chake, kifupi, akatoka kabla hakijachosha. Mzee alikuwa katikati ya ukumbi, na fimbo ameiacha mezani.

Wanaopuliza haraka zaidi ya huyu wapo, na wanaochanganya nyimbo kwa mbwembwe kubwa zaidi wamejaa mjini. Anayejua kukaa kimya kiasi hicho sijamwona mwingine.

Malipo yake ni ya DJ mmoja, kwa kuwa waandaaji wengi wanaihesabu saksafoni kama nyongeza ya bure, na ridi, pedi na springi ananunua mwenyewe. Kwa hiyo, msomaji, ukiwa na shughuli na ukampata mtu kama huyu, mlipe kazi mbili, maana anafanya mbili. Mpe maji, usimlazimishe soda. MC mwambie asiongee juu ya wimbo wakati mwenzake ameinua ala. Na ukiguswa ukataka kumtunza, mtie fedha mfukoni au mwekee mezani kando ya miksa. Usiitumbukize kwenye mdomo wa saksafoni kama ninavyoona wengi wakifanya, maana sauti yake ya chini kabisa hutokea huko, na utakuwa umeiziba.